Thumuni ya Mfalme Kalākaua

Mwaka 1883, kiwanda cha sarafu cha serikali ya Marekani mjini Philadelphia kilipiga sarafu chache za fedha ambazo hakuna aliyetarajia zije zinunue hata kibaba cha mchele. Zilikuwa za nchi nyingine, Ufalme wa Hawaii, na upande mmoja zilibeba kichwa cha Mfalme David Kalākaua. Kwa Kiswahili tunaweza kuziita sarafu za kielelezo. Kisahani cha fedha husuguliwa mpaka king'ae kabla hakijaguswa na chapa, na mihuri ya chuma nayo husuguliwa hadi uso wake uwe kioo. Kisha kisahani hukandamizwa kwa utulivu na kwa nguvu kubwa kuliko ile inayotumiwa kwa sarafu za sokoni. Kinachotoka kina kingo kali, uwanja unaoakisi sura ya anayekitazama, na nakshi zinazosimama juu ya kioo hicho kama visiwa juu ya maji yaliyotulia. Za Kalākaua zilipigwa 26 kwa kila thamani: dola moja, nusu dola, robo dola na senti kumi. Zikitokea mnadani leo, kinachotajwa kwanza ni hiyo namba 26, kana kwamba hadithi yote imo ndani yake.

Namba hiyo, kwa maoni yangu, imetupotosha kwa muda mrefu. Uchache wa vielelezo ulipangwa tangu mwanzo. Ni uchache wa mlango uliofungwa kwa makusudi, nao hautuelezi mengi kuhusu nchi iliyoziagiza. Penye jambo zito ni katika sarafu ya tano, ambayo vielelezo vyake ni 20 tu na ambayo haikupigwa hata moja kwa ajili ya watu kuitumia. Jina lake ni hapawalu, sehemu ya nane ya dola, yaani senti kumi na mbili na nusu. Ilichorwa, ikatengenezewa mihuri, ikapigwa vielelezo, kisha ikaachwa, na nafasi yake ikachukuliwa na senti kumi. Katika badiliko hilo dogo, ambalo vitabu vingi vya sarafu hulitaja kwa mstari mmoja na kupita, naona ufalme ukiamua, au ukiamuliwa, kwamba fedha yake itakuwa dola ya Marekani iliyovaa kichwa cha mfalme. Yaliyozipata sarafu hizo miaka 20 baadaye yalitoka humo.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji maelezo marefu kuhusu hapawalu, maana anayo nyumbani. Ni thumuni. Leo thumuni ni senti hamsini, na wengi wanaolitamka neno hilo hawajiulizi kwa nini nusu ya shilingi inaitwa kwa neno la Kiarabu lenye maana ya sehemu ya nane. Jibu ni kwamba katika Unguja ya karne ya 19 thumuni ilikuwa sehemu ya nane ya reale, na reale ilikuwa ndiyo dola ya fedha iliyozunguka Bahari ya Hindi. Shilingi ilipokuja, nusu yake ilikaribiana na thamani ile ya zamani, jina likahamia kwa mwenye nyumba mpya. Chimbuko la hesabu hiyo ya nane ni dola ya Hispania, iliyogawanywa katika vipande nane vya real, na wafanyabiashara wa Atlantiki, wa Pasifiki na wa bahari yetu wakaizoea, wengine wakiikata vipande kwa patasi. Hivyo kisiwa cha Unguja na visiwa vya Hawaii, ambavyo havikuwa na biashara ya maana baina yao, vilihesabu chenji kwa mantiki moja. Ushahidi kwamba mantiki hiyo ilikuwa bado hai Hawaii upo: mwaka 1882, mwaka mmoja tu kabla ya sarafu za Kalākaua, shamba la miwa la Haiku katika kisiwa cha Maui lilitoa kipande chake cha kulipia vibarua kikiwa kimeandikwa rial moja, yaani sehemu ya nane ya dola. Shamba la Wailuku, kisiwa hichohicho, lilishafanya vivyo hivyo kwa vipande vya senti kumi na mbili na nusu. Kwa hiyo hapawalu haikuwa wazo la mchoraji aliyeko mbali. Ilikuwa fedha ambayo mkata miwa wa Maui angeitambua kiganjani gizani.

Hali ya fedha visiwani humo kabla ya 1883 ilikuwa ya bandari yoyote iliyokaa njiapanda. Meli za kuvua nyangumi zilileta fedha za Marekani, Meksiko, Peru na Ufaransa, na kila duka lilikuwa na mizani yake ya kukadiria. Jaribio la kwanza la ufalme kuwa na sarafu yake lilikuwa mwaka 1847, wakati wa Kamehameha III: keneta 100,000 za shaba, zilizotengenezwa Massachusetts, zenye sura ya mfalme iliyofanana na mtu mwingine yeyote kuliko mfalme. Wenyeji hawakuzipenda, na wafanyabiashara hawakuona haja ya kuhesabu vitu vidogo hivyo. Mwaka 1881, Kalākaua alipokuwa katika safari yake ya kuizunguka dunia, ambayo hakuna mfalme aliye madarakani aliyewahi kuifanya kabla yake, zilitengenezwa Ufaransa sampuli za senti tano za nikeli. Kaulimbiu ya taifa ikakosewa tahajia, herufi mbili za kwanza zikabadilishana nafasi, na jambo likafia hapo. Nchi isiyo na kiwanda chake cha sarafu hulazimika kuomba watu wasiojua lugha yake waiandikie jina lake, na ndivyo inavyokuwa.

Mihuri ya 1883 ilichorwa na Charles Barber, mchongaji mkuu wa kiwanda cha Marekani, na safari hii kazi ilikuwa safi. Shika dola moja. Kichwa cha Kalākaua kinatazama kulia, ndevu za mashavuni zikiwa zimechongwa unywele kwa unywele, na kuzunguka kichwa kuna maneno ya Kiingereza yanayomtaja kuwa mfalme wa Hawaii. Geuza. Ngao ya ufalme imekaa juu ya joho lililofunguliwa kama pazia, taji juu yake, tarakimu 1 upande mmoja na herufi D upande wa pili. Chini imeandikwa Akahi Dala, dola moja. Juu inapita kaulimbiu, safari hii bila kosa: Ua mau ke ea o ka aina i ka pono, yaani uhai wa nchi hudumu kwa haki. Maneno hayo alisema Kamehameha III mwaka 1843, siku bendera yake iliporudishwa mlingotini baada ya nahodha mmoja wa Kiingereza kuitwaa nchi kwa miezi mitano. Dala ni dollar ya Kiingereza iliyopita katika kinywa cha Kihawaii, kama ilivyopita kwetu ikawa dola. Keneta ni senti iliyopita humohumo. Mtu anayetaka kujua lugha inavyoimeza fedha ya mgeni hana haja ya kamusi akiwa na sarafu hizi nne mkononi.

Sasa hoja iliyozoeleka dhidi ya sarafu hizi. Wapinzani wa Kalākaua walisema, na waandishi wengi wamerudia, kwamba zilikuwa majivuno ya mfalme aliyependa makuu. Ushahidi wao ni wa kuonekana kwa macho: Kasri la ʻIolani lilikamilika 1882, sherehe ya kumtawaza ilifanyika Februari 12, 1883, miaka tisa kamili tangu achaguliwe, na mwaka huohuo zikaja sarafu zenye kichwa chake. Sikatai kwamba mfalme alipenda kuonekana. Lakini kuonekana kulikuwa ni siasa kwa watawala wa visiwa wa kizazi kile, na mfano tunao karibu. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alikwenda Uingereza 1875, akajenga Beit al-Ajaib iliyokamilika 1883, na mwaka 1299 wa Hijria, unaoangukia 1881 na 1882, akapigiwa Ulaya reale za fedha zenye jina lake, ilhali soko lake lilikuwa limeridhika na reale ya Sham yenye sura ya malkia wa Austria. Watawala wawili wasiojuana, bahari mbili tofauti, miaka ileile, na vitendo vilevile. Ukiita hayo majivuno, itabidi ueleze kwa nini majivuno yalipanda wakati mmoja pande zote mbili. Naona ni rahisi zaidi kuamini kwamba wote wawili walisoma ramani: nchi zilizokuwa hazina bendera, kasri na sarafu za kuonyesha zilikuwa zinatwaliwa moja moja, na wenye kuzitwaa walisema hazikuwa nchi.

Hoja ya pili ni nzito zaidi, na haijibiwi kwa kutaja heshima. Aliyesimamia mpango wote alikuwa Claus Spreckels, tajiri wa sukari wa California mwenye mashamba makubwa Maui, aliyekuwa ameukopesha ufalme na kumkopesha mfalme. Makubaliano yalikuwa hivi: Spreckels anunue fedha ghafi, alipie kupigwa kwa sarafu zenye thamani ya dola 1,000,000, azikabidhi kwa serikali, naye apewe hati fungani za serikali zenye riba ya asilimia 6, zinazolipwa kwa dhahabu. Fedha iliyokuwemo ndani ya dola moja iligharimu takriban senti 85, hivyo faida yake imekadiriwa kuwa karibu dola 150,000. Sanford Dole na wanasheria wenzake wawili walikwenda mahakamani kuzuia hati hizo zisibadilishwe kwa fedha. Katika jambo hili, wakosoaji walikuwa na haki, ila walielekeza kidole pabaya. Tofauti kati ya gharama ya sarafu na thamani iliyoandikwa juu yake si wizi. Kila serikali inayopiga sarafu huipata, na ni moja ya sababu za kuwa na sarafu yako. Ubaya ulikuwa kwamba faida hiyo, ambayo kwa kawaida ni ya dola yenyewe, hapa iliingia mfuko wa mtu binafsi, na dola ikabaki na deni la dhahabu. (Kiswahili kinatuchezea hapa, maana dola ni fedha na dola ni serikali, katika mkataba huu ya kwanza ilipatikana kwa kuipunguza ya pili.)

Ninachokishangaa ni kwamba katika kelele zote hizo za riba na faida, uzito wa sarafu haukuzua mjadala. Dola ya Kalākaua ina gramu 26.73 za mchanganyiko wenye fedha halisi sehemu 900 kwa 1,000. Nusu dola ina gramu 12.5, robo 6.25, senti kumi 2.5. Hivyo ndivyo hasa zilivyokuwa sarafu za Marekani, kipimo kwa kipimo, hadi upana. Zilizokwenda sokoni zilipigwa San Francisco, katika mashine zilezile zilizopiga fedha za Marekani, mwaka 1883 na 1884, zote zikiwa na tarehe 1883: dola 500,000, nusu dola 700,000, robo 500,000, senti kumi 250,000. Jumlisha thamani zake utapata milioni moja bila senti kuzidi wala kupungua. Hapawalu ndiyo pekee iliyokuwa haina ndugu katika mfuko wa Mmarekani. Marekani haikuwa na sarafu ya sehemu ya nane, na kwa hiyo hiyo ndiyo iliyotolewa. Sidai kwamba kuna aliyekaa Honolulu au San Francisco akapanga njama dhidi ya thumuni. Kuna maelezo mepesi: tangu mkataba wa biashara wa 1875, sukari ya Hawaii iliingia Marekani bila ushuru, na karibu kila kitu cha thamani kilihesabiwa kwa senti za kule. Sarafu ya senti kumi na mbili na nusu ingemsumbua karani wa mauzo. Lakini usumbufu huo wa karani ndio mpaka wa nchi. Fedha inayotumika pande mbili bila kubadilishwa haimkumbushi mtu kwamba amevuka chochote.

Matokeo yalianza mapema. Fedha hizo ziliingia sokoni mwanzoni mwa 1884, na mwaka huohuo bunge likapitisha sheria iliyofanya dhahabu ya Marekani kuwa fedha halali kwa malipo yote na kuwekea fedha za Kalākaua kikomo cha dola 10 kwa malipo. Mwenye deni kubwa alidaiwa kwa dhahabu. Mwenye deni la kibanda cha samaki alilipa kwa kichwa cha mfalme. Mwaka 1887 wanamgambo wa wafanyabiashara wakamlazimisha Kalākaua asaini katiba iliyomvua madaraka. Alifariki San Francisco Januari 1891, katika mji uleule zilikopigwa fedha zake. Dada yake, Malkia Liliʻuokalani, alipinduliwa Januari 17, 1893, na mwaka uliofuata ikatangazwa Jamhuri ya Hawaii, rais wake akiwa Sanford Dole, yule wa mahakamani. Jamhuri hiyo haikupiga sarafu zake. Kwa miaka yote ya utawala wake, na baada ya Marekani kuitwaa nchi 1898, waliompindua malkia waliendelea kununua mkate kwa fedha zenye sura ya kaka yake. Kama sarafu zilikuwa majivuno matupu, mbona hawakuwa na haraka ya kuziondoa? Hawakuwa na haraka kwa sababu hazikuwasumbua. Zilikuwa dola za Marekani tayari.

Januari 1903 Bunge la Marekani liliamuru fedha za Hawaii zirejeshwe, na kuanzia Januari 1, 1904 zisiwe tena fedha halali. Zilibadilishwa moja kwa moja, dola kwa dola, kisha zikapelekwa San Francisco zikayeyushwa. Zilirejea dola zaidi ya 450,000 kati ya zile 500,000; nusu dola 612,000 na ushei kati ya 700,000; robo 257,000 na ushei, zaidi kidogo ya nusu. Senti kumi zilirejea 79. Siyo elfu 79. Sabini na tisa, kati ya robo milioni.

Atakayenipinga atasema kwamba hapa hakuna siasa, ni hesabu za kawaida za nchi moja kuunganisha fedha zake, na atakuwa na takwimu upande wake. Bei ya fedha ghafi ilikuwa imeanguka sana. Madini yaliyokuwa ndani ya dola ya Kalākaua mwaka 1903 hayakufika hata senti 50. Serikali iliyokupa dola kamili kwa kitu hicho haikukudhulumu, ilikufadhili, na mwenye akili alipanga foleni. Nakubali yote hayo, na nasema ndiyo yanayoithibitisha hoja yangu. Ubadilishaji uliwezekana bila kilio kwa sababu hapakuwa na kitu cha kubadilisha zaidi ya sura. Linganisha na Zanzibar, ambako rupia ilipoondolewa 1936 na shilingi ya Afrika Mashariki kuchukua nafasi yake, watu walilazimika kujifunza upya kuhesabu, na kwa hiyo hesabu ya zamani iliacha alama katika maneno. Ndiyo maana bado tuna thumuni. Hawaii hakuna aliyehitaji kujifunza chochote. Jioni ya Desemba 31, 1903 na asubuhi ya siku ya pili, bei ya kitu dukani ilikuwa ileile.

Kuhusu zile senti kumi, wapo wanaopenda kuziona kama uaminifu wa wenyeji kwa mfalme wao. Ningependa iwe kweli, lakini robo zinakataa. Kama ni mapenzi, yangezizuia robo nazo, na robo zaidi ya nusu zilikwenda tanurini. Sababu ya kawaida inatosha zaidi: hakuna anayefunga safari kwenda kubadilisha senti kumi. Zilibaki ndani ya vikombe, pindoni mwa nguo, sandukuni. Nyingi zilitobolewa au kupigiwa kishikizo nyuma, zikawa vifungo vya shati na bizimu, nyingine zikapakwa rangi ya kioo juu ya ngao na taji mpaka zikaonekana kama vito. Ukikutana leo na sarafu ya Kalākaua, huenda imewahi kuvaliwa. Kwa mkusanyaji hilo ni dosari inayoishusha bei. Kwangu mimi, sarafu iliyotobolewa ili ikae kifuani ina mengi ya kusema kuliko ile ambayo haijawahi kuguswa na kidole. Na isisahaulike kwamba senti kumi hiyo iliyookoka kwa udogo wake ndiyo iliyokaa kwenye kiti cha hapawalu, na ndani ya shada lake thamani imeandikwa kwa Kiingereza kwanza, umi keneta ikifuata chini.

Hivyo vielelezo 20 vya hapawalu vina kazi ambayo vile 26 vya thamani nyingine havina. Dola ya kielelezo ni nakala nzuri zaidi ya kitu kilichokuwepo. Zipo dola 46,000 hivi zilizochakaa ambazo zingeweza kutuambia yaleyale. Hapawalu ni shahidi pekee wa kitu ambacho kilikaribia kuwepo. Ingepigwa kwa wingi badala ya senti kumi, mwaka 1903 serikali ya Marekani ingekutana na sarafu isiyo na mwenzake, na karani angelazimika kufikiri mara mbili: senti kumi na mbili, au kumi na tatu? Isingeiokoa nchi, hakuna sarafu iliyowahi kuzuia manowari. Ila ingeacha mshono unaoonekana.

Maneno yalipata mkondo wake. Mwaka 1896 sheria ya Jamhuri iliifanya lugha ya kufundishia shuleni kuwa Kiingereza, na Kihawaii kikaanza kuishia kwa wazee, hadi katiba ya 1978 ilipokirudishia hadhi ya lugha rasmi. Akahi dala na hapaha, yaani robo, zikabaki katika vitabu vya sarafu. Hapalua, neno lililokuwa juu ya zile nusu dola ambazo karibu tisa kati ya kumi ziliyeyushwa, limepata kazi nyingine: ndilo jina la mbio za nusu marathoni zinazokimbiwa Honolulu kila mwaka, kilomita 21 kuanzia ufukweni Waikīkī, na wanariadha kutoka Kenya wamewahi kuzishinda.